Citroën SM haitunzwi kwa turubai

Kampuni ya Citroën ya Ufaransa iliunda magari ya SM 12,920 tu, kuanzia 1970 hadi 1975. Ndiyo maana inauma kuona iliyobaki kwenye mkusanyo ikifunikwa turubai miaka nenda miaka rudi, eti inahifadhiwa. Gari hili huharibika zaidi likilala kuliko likitembea.

Injini ndiyo inayobeba lawama zote. Ni V6 kutoka Maserati, nyingi za lita 2.7, nayo hudumu vizuri ikirekebishwa mambo mawili. Kikaza cha cheni kuu ya taimingi, inayopanga mwendo wa valvu na pistoni, kikichakaa, cheni hulegea na kuruka meno, kisha valvu hugongana na pistoni. Valvu za egzosi za asili nazo zina uwazi uliojazwa sodiamu. Kichwa cha valvu hukatika na kudondokea ndani ya silinda. Badilisha kikaza, weka valvu zisizo na uwazi. Anayekataa ili gari libaki kama lilivyotoka kiwandani anahifadhi ubovu.

Likishakaa miezi, usikimbilie kuliwasha. Toa plagi zote sita, tia oili kama kijiko cha chai kwenye kila silinda, zungusha kwa stata mpaka taa ya presha ya oili izimike, ndipo urudishe plagi. Kagua pia mipira ya petroli. Kwenye SM za kabureta, kabureta tatu za Weber zimekaa katikati ya V, penye joto kali. Mpira ukipasuka hapo, gari linaungua.

Sasipensheni, breki na usukani vyote hutumia LHM, mafuta ya kijani ya haidroliki; presha yake ndiyo inayobeba gari. Ukitia mafuta ya kawaida ya breki, sili za mpira huvimba na kuharibu mfumo mzima. Matufe ya chuma yanayofanya kazi ya springi na kutunza presha yana nitrojeni nyuma ya utando wa mpira, na gesi hiyo huvuja polepole hata gari likiwa limeegeshwa. Injini ikinguruma taratibu, sikiliza: mlio wa "tik" ukirudi kila sekunde chache, tufe kuu, la kutunza presha, limeisha gesi.

Kila baada ya wiki tatu liendeshe kilomita 30 hivi, oili ipate moto kabisa. Kulingurumisha dakika tano gereji huacha maji kwenye oili na egzosi. Na usiingie uvunguni bila stendi za chuma: presha ikishuka, gari zima hushuka nayo.