Cheti cha dipoziti kiko wapi?

Mkataba wangu wa kwanza wa nyumba uliandikwa kwenye karatasi iliyochanwa katikati ya kaunta buku. Mistari minne tu: majina yetu watatu, jina la mzee mwenye nyumba, shilingi 90,000 kwa mwezi, miezi sita imelipwa. Dalali akatia sahihi kama shahidi, akachukua kodi yake ya mwezi mmoja, akapanda bodaboda akaenda zake. Hiyo ilikuwa Makongo, Dar es Salaam, tukiwa mwaka wa pili wa chuo, na bumu, yaani hela za mkopo wa wanafunzi, lilikuwa limeingia wiki ile ile.

Mwezi wa tatu haujaanza, mzee akatuita barazani. Mwanawe anaoa, chumba kinatakiwa, tumpishe ndani ya wiki. Kodi ya miezi minne iliyobaki, shilingi 360,000, angeturudishia kidogo kidogo. Tukaenda ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti alitupokea vizuri, akatuagizia maji, akamwita mzee, akasikiliza pande zote mbili. Mwishowe akasema, "Wanangu, mzee mwenzangu deni amelikiri. Mpeni nafasi." Tukampa. Alitulipa 120,000 kwa awamu mbili, kisha simu ikawa haipokelewi. Mitihani ilikuwa imekaribia, tukaacha.

Miaka minane baadaye nikawa Uingereza, mji mmoja wa kaskazini, nasoma shahada ya uzamili. Mwenye nyumba wa huku naye alikuwa ameshika pauni zangu 520 za dipoziti, hela ya dhamana. Nilipohama alinitumia ujumbe kwamba atakata 300: kapeti limechakaa, ukuta unahitaji rangi. Kapeti lile nililikuta limechakaa. Nilikuwa tayari kuzisamehe, maana ndivyo nilivyozoea. Binti wa Kinigeria niliyesoma naye ndiye aliyenishika mkono akanipeleka ofisi ya ushauri ya chama cha wanafunzi, ghorofa ya pili, juu ya kantini.

Nilimkuta mama wa makamo mwenye rula ya plastiki. Aliiweka juu ya mkataba wangu wa kurasa kumi na moja, akawa anaishusha mstari kwa mstari, anasoma kimya, anatia alama kwa penseli. Alipomaliza aliniuliza swali moja: "Cheti cha dipoziti kiko wapi?" Sikuwa nacho, na sikujua kama kipo. Akanieleza kuwa England, tangu mwaka 2007, mwenye nyumba hakai na dipoziti yako mfukoni tu. Lazima aisajili kwenye mojawapo ya mifuko iliyoidhinishwa, ndani ya siku 30, na akupe maelezo yake kwa maandishi. Asipofanya hivyo, mahakama inaweza kuamuru akulipe fidia ya kuanzia mara moja hadi mara tatu ya dipoziti yenyewe. Tukaandika pamoja barua ya nusu ukurasa. Siku ya tisa pauni 520 zikaingia zote. Yule mama sikumlipa hata senti.

Watu wa nyumbani nikiwasimulia hili husema Wazungu wana roho nzuri. Hapana. Mwenye nyumba wangu alikuwa Mzungu na alitaka kunidhulumu kama alivyonidhulumu mzee wa Makongo. Tena huku, ukitoka nje ya geti la chuo mambo hubadilika: msaada wa kisheria wa serikali ulipunguzwa sana mwaka 2013, na mpangaji wa kawaida mwenye shida kama yangu huenda akahangaika peke yake. Kilichoniokoa ni kwamba palikuwa na mtu ambaye kazi yake, anayolipwa mshahara kuifanya, ni kukaa upande wa mwanafunzi. Mwajiri wake si chuo, ni chama cha wanafunzi. Kwa hiyo hata ugomvi wako ukiwa na chuo chenyewe, matokeo yamepotea au umeambiwa umedisko, yaani umefukuzwa masomo, yeye anakuandikia rufaa bila kumwogopa mtu. Na rufaa ikigonga mwamba, kwa England na Wales ipo ofisi huru ya malalamiko ya wanafunzi, OIA, ambayo haimtozi mwanafunzi kitu, na una miezi 12 ya kuifikia tangu chuo kikupe jibu la mwisho.

Kwetu sheria si haba. Sheria ya Msaada wa Kisheria ipo tangu 2017 na inawatambua hata wasaidizi wa kisheria wa mitaani. Kampeni ya Mama Samia ya msaada wa kisheria imezunguka mikoani tangu 2023. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kitivo cha sheria kina kamati ya msaada wa kisheria tangu miaka ya 1960, na kutoka chumba chetu cha Makongo hapakuwa mbali hata kidogo. Hatukuwahi kuisikia. Wiki ya kwanza chuoni tulielezwa habari za mavazi, vitambulisho na mkopo. Hakuna aliyetuambia ukidhulumiwa uende wapi.

Linaloniuma zaidi ni la wasichana. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaitaja waziwazi rushwa ya ngono kuwa kosa, na TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Lakini binti wa miaka ishirini ambaye mwalimu amemshikia alama hahitaji namba peke yake. Anahitaji mtu mzima wa kukaa naye chumbani, mlango umefungwa, amsaidie kuandika tarehe na maneno yaliyosemwa, amweleze kitakachofuata, kisha aende naye. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi haiwezi kubeba hilo vizuri ikiwa ni ofisi hiyo hiyo inayokuita kwa makosa ya nidhamu. Serikali zetu za wanafunzi hukusanya ada kila mwaka. Kwa nini zisiajiri mwanasheria mmoja, hata wa siku mbili kwa wiki, mwenye meza, kiti na mlango unaofungika?

Nyumbani nako kulikuwa na kitu ambacho huku sijakipata. Tulipotolewa Makongo, rafiki yangu aliyekuwa hosteli alinibeba muhula mzima. Kitanda kimoja cha futi mbili na nusu, wawili, yeye kichwa huku mimi kule, na wenzake watatu wa chumbani hawakusema neno. Huku ningelala wapi?

Mdogo wangu anaanza chuo Dodoma mwezi huu. Nilimwomba asitie sahihi popote kabla hajanipigia picha mkataba. Jana kaituma: karatasi ya kaunta buku, mistari mitano. Notisi haijaandikwa, wala kodi itarudije akitolewa mapema. Nimempigia mara tatu. Ameniandikia kwamba yuko kwenye daladala na begi lake, na mama mwenye nyumba anataka hela leo hii, la sivyo kuna mwingine anasubiri.