Tableti Dikoni

Mradi wa kompyuta ukifa, sababu hazikosekani: mtandao dhaifu, pesa zilichelewa, wavuvi hawakusoma. Hii ya mwisho ndiyo inayoniudhi, maana nilikuwepo. Nilikuwa miongoni mwa vijana tulioajiriwa hapa Amu, mjini Lamu, kufundisha makarani wa diko, pale wavuvi wanaposhusha samaki, kusajili samaki kwa tableti badala ya daftari.

Karani wetu alikuwa mzee anayetushinda sote kwa hesabu. Siku ya kwanza akamtafuta tafi, samaki wetu wa kila siku, kwenye orodha. Hayumo! Tafi, Lamu! "Sasa mwanangu, huyu nimwandike nani?" Nikamwambia, "Ami, bonyeza 'wengineo'." Wiki ilipokwisha, karibu nusu ya samaki wetu walikuwa wengineo.

Kioo nacho hakikusikia kidole chenye maji na magamba, na jua la saa sita lilikifanya cheusi tititi. Lakini kilichotumaliza ni kusi, upepo unaochafua bahari. Mafunzo tulifanya wakati wa kaskazi, bahari imetulia. Vifaa vikafika upepo umegeuka, mashua nyingi zimepandishwa pwani. Programu ilidai kilo kila siku na sifuri haikuikubali. Mzee akawa anaandika kilo moja, ilimradi siku ifungike. Samaki wale hawakuvuliwa na mtu, ila huko Nairobi walihesabiwa.

Si sisi peke yetu. Katika uchaguzi wa Kenya wa 2013, vifaa vya kutambua wapiga kura viliishiwa na betri vituo vingi, vingine vikiwa kwenye shule zisizo na umeme, watu wakarudia sajili ya karatasi. Uingereza nao walianza mwaka 2002 mfumo mkubwa wa rekodi za wagonjwa; 2011 serikali ikatangaza kuuvunja, mabilioni ya pauni yameshakwenda. Lawama moja kubwa ilikuwa kwamba madaktari na wauguzi hawakushirikishwa vya kutosha. Na kule umeme upo, kusoma wamesoma.

Nenda Matondoni, kijiji cha waunda mashua hapa Lamu, ukaagize mashua. Fundi hana mchoro, lakini kabla hajagusa mbao atakuuliza wavua nini, wapita mkondo upi, utakuwa na mabaharia wangapi. Sisi karani tulimwonyesha kazi ikiwa imeshakwisha, tukampa fomu atie saini kwamba amefunzwa. Akatia, kwa adabu zake. Saini hiyo ndiyo iliyoingia kwenye ripoti kuwa ushahidi kwamba mradi umefaulu.