Mwacheni Amalize

Akitajwa James Earl Jones, mwigizaji wa Marekani, barazani kwetu, hakuna anayeanza na jina. Wanaanza na sauti. "Si yule Mufasa? Mungu kampa sauti yule!" Kisha mmoja hujaribu kuiga akaishia kukohoa. (Mufasa ni baba simba wa katuni "The Lion King", na sauti yake ni ya Jones. Jina lenyewe si neno la Kiswahili, hata wakibisha. Wa kwetu ni mwanawe, Simba.)

Hilo la "Mungu kampa" linanikera kidogo. Kampa, ndiyo, na kigugumizi kampa. Alizaliwa Mississippi mwaka 1931, akalelewa na babu na bibi yake Michigan, na kwa miaka kama minane skuli alikuwa karibu hasemi kitu, anaandika tu. Aliyemfungua ni mwalimu wake, Donald Crouch. Kijana katunga shairi la kulisifu balungi. Mwalimu akajifanya hasadiki, akamwambia kama ni lako, simama ulisome kwa ghibu. Akalisoma lote hakukwama.

Niliposikia kisa hicho nilicheka peke yangu, maana nakijua. Skuli zamu ya kusoma ikinifikia nilirukwa. Jina langu mwenyewe lilinishinda. Lakini jioni chuoni, miguu nimeikunja juu ya mkeka, nilisoma sura nzima ya Kurani, sauti inateremka kama maji. Wenzangu wakadhani najifanya. La, neno lenye mahadhi lina njia yake.

Kwa hiyo ninapomsikiliza yule mzee nasikia mtu anayelipima neno kabla ya kulitoa, hana pupa. Tony, tuzo ya maigizo ya jukwaani, aliipata 1969 kwa kucheza bondia mweusi katika "The Great White Hope", na filamu ya mchezo huo, ya 1970, ikamfikisha kwenye uteuzi wa Oscar. Kwenye televisheni aliigiza kama Alex Haley, mwandishi wa "Roots", mwaka 1979, na 1991 akatwaa tuzo mbili za Emmy kwa usiku mmoja. Kwa sauti ya Darth Vader, yule mwovu wa "Star Wars", katika filamu ya kwanza alilipwa dola 7,000 tu, na mwenyewe akataka jina lake lisiandikwe. Alifariki Septemba 2024, ana miaka 93. Hata uzeeni hakuficha kuwa kigugumizi anacho bado.

Sisi huku mtu wa kigugumizi tunammalizia maneno, tukaona ni wema. Juzi mpwa wangu katoka kuangalia katuni hiyo hiyo ya simba, kaja mbio mpaka barazani. "Mjomba, na-na-nataka mu-mu-mu..."

"Mufasa!" jirani akamdakia. Watu wakaangua kicheko. Mtoto akatikisa kichwa, macho chini.

Nikasema mwacheni amalize. Pakawa kimya, hata muuza kahawa kaliinua dele lake, hamimini.

"Mu-mu-muhogo," akasema. "Wa mia tano."