Mjukuu Wangu si Mgeni

Kwenye kalenda ya jikoni kwangu kuna duara 23 za wino mwekundu. Kila duara ni usiku mmoja aliolala mjukuu wangu katika nyumba hii, nyumba tuliyoilipia mimi na mume wangu kwa miaka 26 ya kazi za usiku huko Minnesota, mimi nikigeuza wagonjwa vitandani, yeye akiendesha basi kwenye theluji. Duara zikifika 30, muda anaoruhusiwa na mtaa wetu kwa mwaka huu umekwisha. Ana miaka tisa. Mama yake, binti yetu wa pili, yuko Atlanta anatibiwa saratani ya titi, na madaktari wamesema matibabu yatachukua miezi.

Sisi ni watu wa Tanga, Ngamiani, kule barabara zinakoitwa kwa namba. Miaka sita iliyopita tulihamia Florida kukimbia baridi, na kwa sababu magoti ya mume wangu hayakuwa tena ya kupanda ngazi. Tukanunua nyumba katika mtaa wa wastaafu, ile mitaa ya watu wa miaka 55 na kuendelea. Ina mabwawa mawili ya kuogelea, uwanja wa gofu, ukumbi, na njia maalumu za vigari vya gofu, maana wazee wengi hapa huenda dukani na kanisani kwa vigari hivyo. Na ina masharti.

Ndugu zangu wa Tanga nikiwatajia masharti hudhani nasema sheria za serikali. Sivyo. Haya yaliandikishwa pamoja na hati za viwanja tangu mtaa unajengwa, nayo hufuata ardhi: anayenunua leo na atakayerithi kesho wote wamefungwa nayo, wawe wameyasoma au hawakuyasoma. Yanasema ukuta upakwe rangi gani, ukoka ukatwe ufike wapi, pipa la taka litoke saa ngapi, mapambo ya sikukuu yashushwe lini. Wanaoyasimamia ni chama cha wenye nyumba, na kila mwenye nyumba ni mwanachama kwa lazima. Chama kinaweza kukutoza faini, na ukiacha kulipa ada kinaweza kukushtaki mpaka nyumba ikauzwa.

Najua watu wengi wa kwetu wakisikia haya husema ni utumwa. Mimi sisemi hivyo. Kiwanja kilichopakana na nyumba ya marehemu mama yangu Ngamiani kiligeuzwa ukumbi wa muziki. Spika zilikuwa zinatazama dirisha lake. Mama alikuwa na presha, na halali mpaka saa nane za usiku. Tulikwenda kwa mjumbe, tukaenda serikali ya mtaa, tukaambiwa tuvumiliane kwa ujirani. Mwenye ukumbi alikuwa shemeji wa mtu. Mama aliishi na kelele zile miaka mitatu ya mwisho ya uhai wake, na mimi nilikuwa nazisikia kwenye simu kila nilipompigia. Kwa hiyo nilipokaa mezani kutia saini, na yule wakala akanisomea kifungu cha kelele, nilitia saini kwa moyo wote. Leo natembea saa kumi na moja alfajiri peke yangu, mwanamke wa miaka 67, barabara ina taa kila mahali, na sina wasiwasi. Hilo ni jambo kubwa kwangu.

Barua ya kwanza ilikuja kwa ajili ya mchicha. Nilipanda mchicha na matembele mbele ya nyumba, kando ya njia ya gari, mahali penye jua zuri. Barua ikasema nina siku 14 za kuondoa magugu. Niliumia kwa neno hilo, kisha nikajua kwamba mkulima wa Marekani mchicha wa porini kweli ni adui yake, unaota katikati ya mahindi na soya na kumtia hasara kila mwaka. Chakula cha mtu mmoja kinaweza kuwa gugu la mwingine bila yeyote kuwa mbaya. Nikaung'oa.

Jirani yangu wa mkono wa kulia, bibi mmoja wa Ohio aliyekuwa mwalimu, ndiye aliyenisimulia habari za Hermine Ricketts. Huyo ni mama mzaliwa wa Jamaica aliyeishi na mumewe Miami Shores, hapa hapa Florida, akilima mboga mbele ya nyumba yake miaka 17. Mwaka 2013 manispaa ikapiga marufuku, ikawatishia faini ya dola 50 kwa siku, wakalazimika kuing'oa bustani yote. Walishtaki wakashindwa, hawakukata tamaa, mpaka mwaka 2019 jimbo likatunga sheria ya kuzuia manispaa zisikataze bustani za mboga. Lakini sheria ile iliishia kwa manispaa, vyama vya wenye nyumba haikuvigusa. Mwaka 2024 ndipo navyo vikaambiwa visizuie bustani isiyoonekana kutoka barabarani, kwa jirani, au kutoka uwanja wa gofu. Uani kwangu kunatazama uwanja wa gofu. Basi mchicha wangu uko ndani ya ndoo kwenye kibaraza cha nyuma, nyuma ya wavu wa mbu, nao unanitosha kwa wiki.

Barua ya pili ilikuwa ya kamba ya nguo. Hiyo sikuikubali, kwa sababu yule yule mwalimu alikuja na karatasi ya sheria ya Florida, namba 163.04, inayosema kwamba hakuna sharti la hati ya nyumba linaloweza kukataza kamba ya kuanikia nguo, kwa kuwa jua ni nishati. Nikaandika jibu la mistari minne, nikataja namba ile. Chama hakikujibu, na kanga zangu zinakauka kwa upepo mpaka leo. Nataka wenzangu mlioko huku mlijue hili: barua ya chama si hukumu. Hapa Florida hata faini haiwi faini mpaka upewe notisi ya siku 14 na nafasi ya kusikilizwa na kamati ya wanachama wasiopungua watatu, ambao si wajumbe wa bodi wala ndugu zao. Wengi wetu tumezoea kuogopa karatasi yenye nembo, tunalipa tunanyamaza.

Alipofariki kaka wa mume wangu, watu walikuja kutupa pole kutoka Tampa, Orlando na Jacksonville. Kwetu msiba ukitokea, barabara inafungwa, turubai linatandazwa katikati ya njia, majamvi yanatoka nyumba kumi, na mwenye gari anarudi nyuma bila kuambiwa. Huku magari 14 yalijipanga kando ya barabara, na kabla ya khitma kwisha mlinzi alikuwa ameweka kijikaratasi cha njano kwenye vioo vyote. Mume wangu alitoka nje na kanzu yake akasimama pale akizitazama zile karatasi. Yule mwalimu akavuka majani, hakuuliza chochote, akaanza kuwaonyesha watu waingize magari kwake. Kisha akaenda kugonga mlango wa jirani mwingine, na mwingine. Nusu saa baadaye barabara ilikuwa nyeupe na sisi tumejaa ndani tunasoma. Sikuwa nimejua mpaka siku ile kwamba ujirani wa barabara za Ngamiani unaweza kuota kwenye mtaa kama huu.

Hayo yote, rangi, mchicha, magari, naweza kuishi nayo. Ninalolipinga kwa nguvu zangu zote ni sharti la umri, lile la mtoto kuwa mgeni wa siku 30 tu kwa mwaka, na nataka nilieleze vizuri kwa sababu hata wenyeji wa hapa hulikosea.

Watu wa mtaani huniambia, "Pole, lakini ni sheria ya nchi." Siyo. Marekani ilipitisha sheria ya haki ya makazi mwaka 1968, na mwaka 1988 ikaongeza kwamba ni marufuku kumnyima mtu nyumba kwa kuwa ana watoto. Mitaa ya wazee ikaachiwa mlango, na sheria ya 1995 ikauweka wazi mlango huo: nyumba zisizopungua 80 katika kila 100 zinazokaliwa ziwe na angalau mtu mmoja wa miaka 55 au zaidi. Mtu mmoja. Mimi nina 67, mume wangu ana 72. Mjukuu wetu akilala hapa mwaka mzima, nyumba yetu bado inahesabika katika zile 80. Sheria ya nchi haimfukuzi. Zile siku 30 ni sharti la chama chetu wenyewe, na lililowekwa na watu linaweza kulegezwa na watu.

Na si jambo geni. Kuna mji mdogo Arizona unaoitwa Youngtown, ulioanzishwa mwaka 1954, unaohesabiwa kuwa wa kwanza nchini hapa kujengwa kwa ajili ya wastaafu. Miaka ya 1990 mzee na mkewe waliokuwa wakiishi pale walimpokea mjukuu wao kijana aliyekimbia mateso nyumbani kwao. Mji ukataka aondoke. Lile shauri likafika ngazi ya jimbo, na kufikia mwaka 1998 Youngtown haikuwa tena na sharti la umri. Watoto wanaishi pale leo.

Jirani yake ni Sun City, iliyofunguliwa na mjenzi Del Webb tarehe 1 Januari 1960, ambayo ndiyo mama wa mitaa yote ya aina hii. Wakazi wake walipiga kura tena na tena kukataa fedha za shule, mpaka miaka ya 1970 eneo lao likatolewa kwenye wilaya ya shule ya Peoria. Nikisoma habari hiyo huwa nasikia uchungu. Najua hoja yao: tumeshalea, tumeshasomesha, tuacheni tupumzike. Nawasikia mezani ukumbini wakisema hivyo, na wengi ni watu wema. Lakini kwetu mzee hapumziki kwa kuwekwa mbali na watoto. Bibi yangu mzaa mama alilala na wajukuu wanne kitanda kimoja, na tulipokuwa tukigombana nani alale karibu yake, yeye ndiye aliyekuwa na raha kuliko wote. Mjukuu wangu huyu, aliyezaliwa St. Paul, nikimwita "mume wangu" anajua ajibu nini. Utani ule hakufundishwa shuleni.

Tena nikiangalia historia ya hati hizi, mimi mtu mweusi siwezi kuzichukulia kama maandiko. Hati za namna hii hii zilitumika miji mingi ya Marekani kuandika kwamba nyumba isiuzwe kwa mtu wa rangi yangu. Familia moja ya Wamarekani weusi, akina Shelley wa St. Louis, ilinunua nyumba yenye sharti hilo, na mwaka 1948 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi ikasema mahakama haziwezi kulitekeleza. Sisi nasi tulikuwa na yetu. Dar es Salaam ilivyogawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, ilianza na kanuni za ujenzi za Mjerumani kuhusu nyumba ya aina gani ijengwe wapi. Ukuta unaotakiwa uwe wa mawe, paa linalotakiwa liwe la namna fulani, na maskini anajikuta ng'ambo.

Nasema haya pia kwa sababu naona nyumbani mitaa ya geti inaongezeka, na wengi wenu mnatuma fedha kununua huko. Sheria zipo, Tanzania ile ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, Kenya ya 2020. Kabla hujatuma hata shilingi, omba kanuni za jumuiya, soma kifungu cha watu wanaoruhusiwa kukaa. Usisome rangi ya ukuta kwanza kama nilivyofanya mimi. Tafuta neno "mgeni" limepewa maana gani, na kama mama yako au mtoto wa dada yako yumo ndani ya neno hilo. Mimi nililiona siku ile ya kutia saini na nikalipita, kwa sababu binti yangu alikuwa mzima na wajukuu walikuwa wa kuja likizo.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni anayeshika jembe si mgeni tena. Mjukuu wangu ameshika ndoo za mchicha tangu siku ya pili. Anamwagilia kabla ya kunywa chai, na ameandika kwa penseli kwenye kila ndoo tarehe mbegu ilipochomoza. Jioni huenda na babu yake kwa yule mwalimu, ambaye anamsomesha hesabu na kupewa sambusa.

Nimeandika kwa bodi kuomba aishi nasi mpaka mama yake amalize matibabu. Nimeambatisha barua ya daktari, na nimeeleza kifungu cha 1995 kwa maneno yangu. Wakikataa, mume wangu atapanga chumba nje ya geti, dakika 20 kutoka hapa, akae naye huko, nami nibaki na nyumba. Tutakuwa tumetengana tukiwa wazee, ili mtoto asihesabiwe.

Kikao ni Jumanne saa nne asubuhi, siku ya duara la 27. Jirani yangu ana miaka 81 na amesema atakuja, na ameomba niwahi kumchukua ili tupate viti vya mbele.