Swali Ambalo Sikuulizwa Kabla ya Kumpa Dada Yangu Figo

Agosti 2024 nilikwenda Tanga kumtembelea dada yangu, na kwa mara ya kwanza tangu tupasuliwe sote wawili mwaka 2014 nilimwona akinywa dafu. Alilishika kwa mikono miwili, akalimaliza bila kupumzika, kisha akampa mwanawe alipasue apate kulikomba. Msomaji ambaye hajawahi kuishi na mgonjwa wa figo huenda asione ajabu yoyote hapo. Kabla ya upasuaji, dada alikuwa amehamia Dar es Salaam kwa sababu ya mashine ya kusafisha damu, akaitumikia kwa karibu miaka miwili, saa nne kwa kila kikao, mara tatu kwa wiki fedha zilipopatikana na mara mbili zilipopungua. Muda wote huo dafu, ndizi na machungwa vilikuwa hatari kwake, kwa kuwa vina potasiamu nyingi ambayo figo zilizoshindwa kazi haziwezi kuitoa mwilini, na ikizidi katika damu inaweza kusimamisha moyo. Hata maji alipimiwa kwa kikombe, na huyu ni mtu aliyezaliwa Pangani katikati ya minazi. Siku hizi tunda alilokatazwa kabisa ni balungi, kwa sababu huvuruga kiwango cha dawa anazomeza asubuhi na jioni ili mwili wake usiikatae figo niliyompa.

Mimi naishi Leeds, Uingereza, tangu mwaka 2006, na kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Naandika haya kwa sababu nimeishi pande zote mbili za jambo hili, na baada ya miaka kumi naona kuna kitu kimoja ambacho wenzetu wa Uingereza wanakifanya vizuri kuliko sisi, nacho hakihitaji mashine wala fedha nyingi.

Dada alipougua, upasuaji wa kupandikiza figo ulikuwa haujaanza kufanyika Tanzania. Muhimbili walifanya wa kwanza Novemba 2017 wakisaidiwa na madaktari kutoka New Delhi, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata Machi 2018 kwa ushirikiano na Wajapani. Kabla ya hapo mgonjwa alilazimika kusafiri nje, na wengi walikwenda India, ambako sheria ya mwaka 1994 inamhesabu ndugu wa tumbo moja kuwa jamaa wa karibu anayeruhusiwa kutoa. Kwa hiyo ukoo wetu ulikaa kikao, wazee wakiwa Tanga na mimi nikiwa kwenye simu, na kabla kikao hakijafika nusu saa ilikuwa imekwisha kuamuliwa kwamba atakayetoa ni mimi. Hoja zilikuwa nzuri: kundi langu la damu lilijulikana kuwa sawa na la dada, naishi Ulaya kwenye hospitali za uhakika endapo litanipata lolote, na tena nina kazi. Baba mdogo alimalizia kwa kusema, "Mwanangu, tunakushukuru kwa moyo wako," nami nilikuwa bado sijasema neno.

Nataka nieleweke hapa. Nilitaka kutoa. Dada ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa sokoni, ndiye aliyeacha shule ili ada itoshe kwangu, na kama ingehitajika nitoe tena kesho ningetoa. Ninachosema ni kwamba sikuulizwa, na kwamba mtu anayetaka na mtu asiyetaka, wote wawili wangeonekana sawasawa katika kikao kile, kwa sababu mwenye kukataa mbele ya baba zake wadogo na shangazi zake atakuwa amemhukumu ndugu yake kufa huku ukoo mzima ukimtazama. Hata tulipofika India na kuitwa mbele ya kamati ya hospitali, baba mdogo alikuwa amekaa kiti cha pembeni yangu, na nilipoulizwa kama natoa kwa hiari yangu, nilijibu ndiyo nikiwa nimemtazama yeye.

Miaka michache baadaye mwenzangu wa kazini huku Leeds alitoa figo kwa mtu asiyemjua kabisa. Jambo hilo liliruhusiwa hapa baada ya Sheria ya Tishu za Binadamu ya mwaka 2004 kuanza kutumika mwaka 2006, na nilipomsikiliza akinisimulia hatua alizopitia, niliona wazi kilichokosekana kwetu. Pamoja na vipimo, alikutanishwa na mtathmini huru, mtu ambaye hayumo katika timu ya upasuaji na ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba mtoaji ameelewa hatari, kwamba hakulipwa, na kwamba hakuna aliyemshurutisha. Hapa hata ndugu anayempa ndugu yake hupitia mlango huo huo: mtoaji huhojiwa peke yake, mpokeaji peke yake, kisha wote kwa pamoja. Aidha, anaweza kurudishiwa mshahara aliopoteza akiwa anauguza kidonda, jambo ambalo sheria inalitenganisha kabisa na kuuza figo. Mimi nilipofika Leeds kutoka India nilikaa wiki nane bila kunyanyua mgonjwa hata mmoja na bila senti, na sikuthubutu kuwaambia nyumbani.

Sisemi kwamba ya huku yote ni bora. Mwenzangu yule hakujua figo yake imekwenda kwa nani. Baada ya miezi kadhaa alipokea kadi isiyo na jina, iliyopitia kwa waratibu wa hospitali, na ilichukua muda zaidi hadi pande zote mbili zikaridhia kuonana. Walikutana mgahawani, wakanywa chai kwa saa moja, wakaagana kwa adabu, na hawajaonana tena. Aliniambia kuwa alilia ndani ya gari kwa furaha, nami namwamini, lakini nilihuzunika kwa ajili yake.

Ziara yangu Tanga haikuwa ya saa moja. Nilikaa wiki tatu, na kila asubuhi nilimwamkia dada shikamoo naye akaniitikia marahaba kwa sauti yenye nguvu niliyokuwa nimeisahau. Siku ya pili aliuchukua mkono wangu akauweka juu ya kiwiko chake cha kushoto, mahali madaktari walipounganisha mshipa wa ateri na vena kwa ajili ya mashine. Mshipa ule hautumiki tena, lakini bado umevimba na unanguruma chini ya ngozi kama nyuki mzingani. Kisha akanishikisha tumbo lake upande wa kulia, chini karibu na nyonga, kwa kuwa figo mpya haipachikwi mgongoni zilipo za zamani. Akasema, "Huyu hapa, mgeni wako, hajambo." Watoto wake wakacheka wakinitaka na mimi nionyeshe kovu langu, wakaniita mjomba mwenye figo ya shujaa, kwa maana waliambiwa na daktari kwamba figo moja inayobaki hukua na kuchapa kazi zaidi ili kufidia iliyoondoka.

Hata hivyo, katika undugu huo huo ndimo nilimoliona deni. Mama alituachia shamba la minazi Pangani, na nilipofika niligundua kwamba dada amekwisha kuwaambia wazee kuwa sehemu yake iandikwe kwa jina langu. Nilipohoji, alijibu kwamba hawezi kugawana minazi na mtu ambaye kiungo chake yeye dada amekibeba tumboni. Wazee waliona ni uungwana. Mimi niliona kwamba figo yangu imeuzwa bila mimi kujua, na kwa bei ya shamba. Nilikwenda kwa baba mdogo siku hiyo hiyo nikamwomba majina yaandikwe mawili.

Kwa kuwa sasa upasuaji huu unafanyika nyumbani, na familia nyingi zaidi zitakaa vikao kama chetu, naomba mtathmini wa aina hii awe sharti kwetu pia: mtu mmoja asiye ndugu na asiye daktari wa mgonjwa, chumba chenye mlango unaofungwa, na ahadi kwamba mtoaji akikataa familia itaambiwa tu kuwa hafai, bila sababu. Namfikiria hasa binti wa mwisho asiyeolewa, maana katika nchi nyingi wanawake ndio wengi miongoni mwa watoaji hai, na katika koo zetu yeye ndiye ambaye hoja nzuri zitamwangukia kwanza.

Usiku wa kuamkia safari yangu tuliketi barazani, nikamsimulia dada habari ya upasuaji wa kwanza uliofanikiwa, wa Boston mwaka 1954, ambapo Ronald Herrick alimpa figo pacha wake Richard. Inasimuliwa kwamba usiku wa mwisho mgonjwa alimwandikia mwenzake akimtaka aondoke arudi nyumbani, na Ronald akajibu kwamba amekwisha kufika na atabaki. Dada alinyamaza, kisha akaniuliza kama kweli nilitaka. Nikamwambia nilitaka. Nikamuuliza naye angejibu nini kama angeitwa chumbani peke yake.

"Ningekataa," alisema. "Ulikuwa na watoto wawili wachanga. Nilikaa kimya kwa sababu wazee walikuwa wamefurahi."

Kama angeulizwa, basi, huenda leo asingekuwapo, nami nimeligeuza jambo hilo kichwani tangu siku ile. Bado naamini tulistahili kuulizwa. Kukataa kwake kungenileta mlangoni kwake tuzungumze sisi wawili, nami ningemwomba anikubalie, badala ya kusubiri miaka kumi ndipo tuyaseme hayo barazani. Saa mbili simu yake ililia kumkumbusha dawa. Akazihesabu kiganjani, nikamletea maji, gilasi iliyojaa hadi juu.