Baiskeli kwenye njia ya miguu: nani anamkimbia nani?

Waenda kwa miguu wanasema njia ile ni yao, na baiskeli ni chombo cha usafiri, basi kiende barabarani na vyombo vingine. Waendesha baiskeli wanajibu kwamba barabarani kuna magari yanayokwenda kwa kasi ya kuua, na kufuata sheria hakumsaidii aliyekwisha gongwa. Wote wana haki, ndiyo maana ubishi wenyewe hauishi. Na wakati hawa wawili wanagombania kipande chembamba cha pembeni, anayechukua sehemu kubwa ya barabara anapita zake bila kuulizwa kitu.

Tuanze na hofu, maana ndiyo inayompandisha mwendesha baiskeli kwenye njia ya miguu. Ni wachache wanaopanda njia ya miguu kwa ukaidi. Wengi wamewahi kujiwa na lori kwa nyuma, wakasikia injini bila kujua liko umbali gani, kisha kioo cha pembeni kikapita karibu na kiwiko. Hesabu inawaunga mkono. Chukua mtu na baiskeli yake, jumla kilo 90, anakwenda kilomita 20 kwa saa. Chukua na gari la kilo 1,400 linalokwenda kilomita 50 kwa saa. Nishati ya mwendo ya gari hilo ni karibu mara 100 ya ile ya baiskeli. Kofia ngumu ni kitu kizuri, lakini haikutengenezwa kwa pengo la namna hiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Anayeogopa barabara ana sababu.

Tatizo ni kwamba hofu hiyo inatazama nyuma, wakati ndani ya mji hatari kubwa iko mbele. Kugongwa kwa nyuma hutokea zaidi kwenye barabara za nje ya mji, zenye kasi kubwa na mwanga hafifu, na huko huua kweli. Mjini, migongano mingi kati ya gari na baiskeli hutokea kwenye makutano, kwenye mageti na pale gari linapokata kona. Njia ya miguu haimwondoi mtu katika sehemu hizo. Inampitisha humo humo, tena akiwa amefichika.

Tazama geti moja tu. Nyumba ina ukuta mrefu uliojengwa hadi kwenye njia ya miguu. Dereva anatoka taratibu. Kati ya bampa ya mbele na macho yake kuna karibu mita mbili za boneti, kwa hiyo mpaka yeye aone kinachokuja, pua ya gari imeshavuka njia ya miguu. Kama ni nchi ya kuendesha kushoto na anataka kuingia kushoto, shingo yake imegeukia kulia, maana magari ya kumwogopesha yanatokea huko. Mwenye baiskeli anayetokea kushoto, juu ya njia ya miguu, hayumo kabisa katika hesabu za dereva. Kwa kilomita 20 kwa saa anakula mita tano na nusu kila sekunde. Mtembea kwa miguu, anayekwenda kama kilomita 5 kwa saa, angesimama kwa hatua moja. Mwenye baiskeli hana hiyo hatua.

Utafiti wa Wachtel na Lewiston uliochapishwa mwaka 1994, uliochunguza ajali za baiskeli na magari kwenye makutano ya Palo Alto, California, ulipata kwamba waliopita njia za miguu na njia za baiskeli za kando walikuwa na hatari mara 1.8 ya waliopita barabarani, na waliokwenda kinyume na mwelekeo wa magari walikuwa na hali mbaya zaidi. Ni mji mmoja, na utafiti wenyewe ni wa zamani. Pia utafiti huo haumjibu mtu ambaye barabara yake ina malori ya mwendo wa kilomita 70. Lakini sababu inayouelezea haijabadilika: dereva huona pale anapotarajia kuona.

Sasa upande wa mwenye miguu, ambao mara nyingi hupuuzwa kwa hoja kwamba baiskeli haziui watu wengi. Ni kweli haziui wengi. Lakini kwa mzee mwenye mifupa dhaifu, kusukumwa tu kukamwangusha kunatosha kumvunja nyonga, na wapo wasioamka tena kitandani baada ya hapo. Asiyeona huishika njia kwa fimbo na masikio, na baiskeli haina sauti ya kumtahadharisha. Mtoto hutoka mlangoni mbio, kwa sababu alifundishwa kwamba hatari inaanzia ukingoni mwa barabara, hapo mlangoni hakuna kitu. Tena madhara mengine hayaingii katika takwimu yoyote: mama mzee aliyepitwa kwa kasi mara mbili tatu huacha kutoka jioni, na hakuna polisi wa kuandika hilo.

Nchi zimejaribu kupatanisha hofu hizi mbili, na matokeo yanafundisha. Uingereza inakataza kuendesha kwenye njia ya miguu kwa sheria ya mwaka 1835, iliyotungwa kabla baiskeli zenyewe hazijaenea. Mwaka 1999, faini ya papo kwa hapo ilipoletwa, waziri Paul Boateng alieleza kwamba haikulengwa kwa watu wanaopanda njia ya miguu kwa kuogopa magari, huku wakiwajali wengine. Yaani Serikali yenyewe ilikiri kwamba inakataza kitu ambacho wakati mwingine ni cha busara. Kwa askari huo ni mtihani mgumu: hofu haionekani kwa macho.

Japani ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1970, mwaka ambao watu 16,765 walikufa barabarani nchini humo, sheria ilibadilishwa kuruhusu baiskeli kwenye baadhi ya njia za miguu. Ilikuwa dawa ya dharura, na kwa wakati ule ni vigumu kuilaumu. Ila dharura ikageuka mazoea, na mazoea yakaondoa haraka ya kujenga njia za baiskeli barabarani. Leo kanuni inasema barabara kwanza, isipokuwa mahali penye alama ya kuruhusu, au kwa watoto wa chini ya miaka 13, wenye miaka 70 na zaidi, walemavu, na pale hali inapolazimisha. Anayepita njia ya miguu anatakiwa aende taratibu kiasi cha kuweza kusimama papo hapo. Mwaka 2024 yakapitishwa marekebisho ya kuwatoza faini waendesha baiskeli wenye miaka 16 na zaidi, kuanzia Aprili 2026. Zaidi ya nusu karne kujaribu kuurudisha mlango uliofunguliwa kwa muda.

Ujerumani nayo imegawa kwa umri: mtoto wa chini ya miaka minane lazima atumie njia ya miguu, isipokuwa pale penye njia ya baiskeli iliyotenganishwa na barabara, mpaka miaka kumi anaruhusiwa, na tangu mwishoni mwa 2016 mwenye miaka 16 na zaidi anayemsindikiza mtoto wa chini ya miaka minane anaweza kupita naye. Mimi naiona kanuni hiyo kuwa ya akili kuliko zote nilizozitaja, kwa sababu inatazama kasi na uwezo wa mwendeshaji badala ya chombo. Mtoto kwenye baiskeli ndogo hana tofauti kubwa na mtoto anayekimbia.

Wapo wanaosema haya yote ni maneno mengi, mwenye baiskeli ajifunze tu kuendesha kama gari. Mmarekani John Forester aliieneza hoja hiyo tangu miaka ya 1970: shika katikati ya njia, onekana, toa ishara, usijifiche pembeni. Kwa kijana mwenye mapafu, kwenye mtaa ambao magari yanakwenda taratibu, ushauri huo ni mzuri, na unamwokoa pia na milango ya magari yaliyoegeshwa. Lakini jaribu kumwambia mwanamke aliyebeba mtoto nyuma ashike katikati ya njia mbele ya basi lenye haraka. Nadharia inayowafaa wajasiri peke yao haiwezi kuwa sera ya mji.

Kinachoamua, kwa maoni yangu, ni kasi ya gari lililo kando yako. Ukishusha kutoka kilomita 50 hadi 30 kwa saa, nishati ya gari inapungua kwa karibu theluthi mbili, na dereva anapata muda wa kukuona. Brussels iliweka kilomita 30 kwa mitaa yake mingi mwaka 2021, na Paris ikafanya hivyo mwaka huo huo. Kwenye mtaa wa namna hiyo baiskeli inaweza kukaa barabarani bila ushujaa. Kwenye barabara kuu yenye kilomita 60 haiwezi, na hapo panahitajika njia iliyotengwa kwa kingo za zege, siyo mstari wa rangi unaogeuka maegesho kabla haujakauka. Uholanzi haikuzaliwa na njia zake. Mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa kwenye barabara zake, zaidi ya 400 wakiwa watoto, na ilichukua maandamano ya wazazi kulazimisha mabadiliko.

Gharama na nafasi ni pingamizi za kweli. Kutenga njia kunamaanisha kuondoa maegesho au kupunguza njia ya magari, na wenye maduka watalalamika kabla ya mtu mwingine yeyote. Jibu la mkato la miji mingi limekuwa kubandika alama ya baiskeli na mtu kwenye njia ile ile ya miguu na kuiita ya pamoja. Hiyo ni kuwagawia maskini wawili sahani moja. Inaweza kufaa pale njia ni pana na watu ni wachache, lakini penye kituo cha basi ni vurugu tupu.

Mpaka njia hizo zijengwe, ningependa polisi watazame barabara kabla ya kuandika faini. Kama pembeni magari yanapita kwa kilomita 60 na karibu kila mwenye baiskeli amepanda juu, mwenye kesi ya kujibu ni mhandisi. Mwenye baiskeli hapo adaiwe kitu kimoja tu, mwendo wa miguu, na ashuke asukume palipo na watu wengi. Ila palipo na njia nzuri ya baiskeli, magari yakiwa ya kilomita 30, halafu mtu mzima bado anapita kwenye njia ya miguu na baiskeli ya umeme kwa kilomita 25, huyo mwandikieni, na siku hiyo hiyo.