SHA: Nafuu kwa Mwenye Mshahara Mdogo, Mtihani kwa Mzee wa Kijijini

Ubishi wowote kuhusu SHA, bima ya afya ya umma nchini Kenya, huanza na kauli moja: tunakatwa zaidi, tunapata kidogo. Sehemu ya kwanza si kweli kwa kila mtu. Sehemu ya pili inategemea umeugua nini, na katika hospitali gani. Nadhani mageuzi haya yanapigwa vita mahali yalipofanya vizuri, huku mahali yanapoumiza hasa hapapati kelele za kutosha.

Kwa asiyefuatilia: Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilirithi kazi ya NHIF, bima ya taifa ya hospitali iliyokuwepo tangu 1966. Rais William Ruto alitia saini sheria zake Oktoba 2023. Julai 2024 Mahakama Kuu ikaziharamisha kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo, Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo Septemba, na Oktoba 1, 2024 mfumo ukaanza kazi huku wengi wakiwa bado hawajui pa kujisajilia. Chini ya SHA kuna hazina tatu. Moja inalipia huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya, na fedha zake zinatoka serikalini. Ya pili ni SHIF, hazina ya bima ya afya ya jamii, ile tunayochangia. Ya tatu ni ya dharura na magonjwa sugu, na hii pia inategemea Bunge litatenga kiasi gani.

Tuanze na mshahara, kwa kuwa hesabu haina siasa. NHIF ilikata kwa madaraja. Mwenye shilingi 20,000 alikatwa 750, mwenye 30,000 akakatwa 900, na kuanzia 100,000 kwenda juu kila mtu alikatwa 1,700, awe karani mkuu au mkurugenzi wa benki. SHIF inakata asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, kima cha chini kikiwa 300 na cha juu hakipo. Kwa hiyo mlinzi wa 20,000 sasa anatoa 550. Mwenye 30,000 anatoa 825. Mzani unapinduka karibu na 33,000, na kutoka hapo mkato unapanda: mwenye 100,000 anatoa 2,750, na mwenye 500,000 anatoa 13,750, zaidi ya mara nane ya alichokuwa akitoa zamani.

Waliopaza sauti zaidi ni hao wa juu, na hoja yao si ya kupuuzwa. Anayetoa 13,750 kila mwezi analazwa kwa viwango vilevile vya anayetoa 300. Wengi wao wana bima ya kibinafsi iliyonunuliwa na mwajiri, kwa hiyo wanagharimia foleni wasiyopanga. Ila hiyo ndiyo maana ya bima ya jamii. Kama kila mmoja angepata sawa na alichotoa, ingekuwa akiba ya benki. Tena kuna jambo ambalo halitajwi kwenye malalamiko hayo: tangu mwishoni mwa Desemba 2024 mchango wa SHIF unatolewa kwenye mshahara kabla ya kodi kukokotolewa. Mwenye 500,000 anaokoa takriban 4,125 za kodi kwa njia hiyo. Yule wa 20,000 haokoi kitu, kwa kuwa mshahara wake haufikii kiwango cha kutozwa kodi. Hata baada ya hapo, kwa upande wa walioajiriwa, mfumo mpya una haki kuliko ule wa zamani.

Kwa familia picha inachanganyika. Zahanati na kituo cha afya, Level 2 na 3, ni bure kwa aliyejisajili, hata asipochangia. Hilo ni jambo kubwa, mradi dawa ziwepo. Mgonjwa anayepewa karatasi aende akanunue dawa kwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara amepata ushauri wa bure, hajapata matibabu. Kiasi ambacho bima inalipia usafishaji wa figo kimepandishwa kutoka 9,500 hadi 10,650 kwa kila awamu, na wanaougua figo wataungama kwamba tofauti hiyo inasikika mfukoni. Matibabu ya saratani yalianza na kikomo cha 550,000 kwa mwaka, 400,000 za SHIF na 150,000 za ile hazina ya magonjwa sugu. Lakini soma vizuri: ni kwa kaya, si kwa mgonjwa. Mume na mke wakiugua mwaka mmoja, wanagawana.

Uzazi ndipo familia changa zilipopoteza kitu bila kuambiwa waziwazi. Chini ya Linda Mama, mpango wa zamani wa serikali wa kujifungua bure, mjamzito alijifungua bila kuulizwa kama amechangia. Linda Jamii iliyoshika nafasi yake inalipa 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji, lakini fedha hizo ni za SHIF, yaani lazima kaya iwe imelipa. Serikali itasema huduma imepanuliwa kutoka kwa mama hadi jamaa yote, na kwenye karatasi ni kweli. Kwa msichana aliyefika hospitalini na uchungu, asiye na mshahara wala mume wa kumlipia, mlango umekuwa mwembamba.

Tatizo kubwa zaidi limo katika neno kaya lenyewe. Kwa SHA, kaya ni mchangiaji, mwenzi wake na watoto wao. Mama mzazi wa miaka 74 anayekula chakula cha mwanawe na kutibiwa kwa pesa za mwanawe hamo. Yeye ni kaya peke yake, na kwa kuwa hana mwajiri wa kumkata, anapelekwa kwenye tathmini ya uwezo.

Tathmini hiyo hufanywa kwa simu au na mhamasishaji wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba. Haiulizi una pesa ngapi, kwa sababu mtu wa jua kali hawezi kuthibitisha jibu. Inauliza paa ni la nini, kuta ni za nini, maji mnachota wapi, choo ni cha aina gani, mnapikia nini, mna mifugo. Kutoka hapo kompyuta inakisia kipato na kutoa mchango wa mwaka. Kwa muuza mboga wa mjini makisio hayo yanaweza kukaribia ukweli. Kwa mzee ni hatari. Chukua ajuza anayekaa kwenye nyumba ya mawe aliyojengewa na wanawe, yenye mabati mazuri na umeme. Majibu yake yote yanaonyesha mtu wa kipato cha wastani. Fedha taslimu anayoiona ni 2,000 za Inua Jamii, posho ya serikali kwa wazee, kila mwezi, zinapofika kwa wakati. Nyumba inasema ana uwezo, lakini haiwezi kumlipia bima kwa kukatwa tofali.

Hata akikadiriwa kima cha chini kabisa, 300 kwa mwezi ni asilimia 15 ya hizo 2,000. Na halipi kwa mwezi. Asiye na mshahara anatakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo, yaani 3,600, karibu Inua Jamii ya miezi miwili bila kula. NHIF ilimtoza 500 kwa mwezi, ghali zaidi ukijumlisha, ila angeweza kutoa kidogo kidogo. Serikali iliona kasoro hiyo, na mwaka 2025 ikaleta Lipa SHA Pole Pole, mkopo wa kulipia mchango kwa awamu. Ni afueni kwa bodaboda anayeingiza kitu kila siku. Kumkopesha bima mtu wa miaka 74 ni wazo ambalo sijui nani alilipitisha kwenye mkutano bila kucheka.

Watetezi wa SHA wana jibu, na ni la haki. Sheria inasema wasiojiweza watalipiwa na serikali, na Oktoba 2025 Rais alizindua ufadhili wa watu takriban milioni 2.2. Wanauliza pia: kama kila mwenye mvi atasamehewa, nani atachangia? Wazee ndio wanaougua zaidi, shinikizo la damu, kisukari, nyonga, macho. Bima inayobeba wagonjwa bila kuwavuta vijana wenye afya hufilisika. Waliojisajili SHA walipita milioni 20 mwaka 2025, lakini wanaochangia kwa hiari kutoka sekta isiyo rasmi ni wachache mno, na kila mzee anayeongezwa bila mchango anabebwa na walimu na wauguzi wanaokatwa kila mwisho wa mwezi.

Halafu kuna upande wa hospitali. NHIF iliacha deni la takriban bilioni 30. Februari 2025 hospitali nyingi za kibinafsi chini ya chama chao, RUPHA, zilisitisha huduma za SHA zikidai malipo, na mwezi uliofuata Rais akaagiza kila hospitali iliyodai chini ya milioni 10 ilipwe yote. Kwa mgonjwa, bima iliyolipiwa mbele ya dirisha la hospitali inayodai serikali ni sawa na kutokuwa nayo. Na mzee ndiye asiyeweza kuhamia hospitali ya pili wala ya tatu. Akifika, anaombwa kuweka kidole kwenye mashine, na vidole vilivyoshika jembe miaka 50 mara nyingi havisomeki.

Mimi ningeanza na umri. Orodha ya Inua Jamii tayari ipo, ina majina na vitambulisho vya waliopita miaka 70, na haihitaji kuuliza habari za paa. Tuseme ni wazee milioni moja: kwa kima cha chini cha 3,600 kila mmoja, mchango wao ni bilioni 3.6 kwa mwaka. Matibabu yao yatagharimu zaidi ya hapo, bila shaka, na pengo hilo lazima litoke Hazina Kuu, lisitupiwe mwenye mshahara. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Nancy Gathungu, aliripoti Machi 2025 kwamba mfumo wa kidijitali wa SHA uligharimu bilioni 104.8, na kwamba serikali hata haiumiliki. Ukiambiwa pesa za wazee hazipo, hiyo ndiyo takwimu ya kwanza ya kuulizia.